Mwenye Kuuliza Vizuri Huambiwa: Uchunguzi wa Mateso ya Ndoa na Kazi ya Kanisa



Kila tunapokusanyika kwa maombi hapa Goma, tunawakumbuka wamama na wasichana walioumizwa na watu wenye silaha. Tunafanya vema. Wengine walishikwa wakienda shambani, wengine wakitafuta kuni kando ya kambi, wengine ndani ya nyumba zao wakati vita ilipofika mjini. Dunia nayo imesikia kilio hiki. Mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mtoto wa mchungaji, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa kazi ya kuwatibu wanawake hao.

Lakini kuna mateso mengine ambayo hatuyataji katika maombi ya hadhara, kwa sababu anayeyaleta hana bunduki. Ana ufunguo wa nyumba. Watoto wanamwita baba. Pengine Jumapili anakaa kwenye benchi moja nasi na kuimba kwa sauti nzuri. Tunataka kueleza katika makala hii yale ambayo uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi, na katika nchi yetu, umeonyesha juu ya ukatili wa mume au mwenzi ndani ya nyumba. Tunataka pia kueleza namna uchunguzi huo ulivyofanywa, kwa sababu ndani ya namna hiyo kuna somo kubwa kwa wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa wamama.

Namba mbili za uchunguzi mmoja

Mwaka 2007 serikali yetu ilifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya watu, ule tunaouita EDS. Kati ya maswali yake kulikuwa na maswali juu ya ukatili. Mwaka 2011 watafiti watatu, Amber Peterman, Tia Palermo na Caryn Bredenkamp, walitumia majibu hayo kukadiria hesabu ya nchi nzima. Walisema kwamba wanawake kati ya milioni 1.69 na milioni 1.80, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamebakwa wakati fulani maishani mwao. Kivu ya Kaskazini ilikuwa mbele ya mikoa mingine kwa ubaya huo. Namba hiyo ilitangazwa sana redioni na magazetini.

Katika kazi hiyohiyo kulikuwa na namba ya pili, ambayo haikupata kelele nyingi. Wanawake kati ya milioni 3.07 na milioni 3.37 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kitandani ndani ya ndoa, yaani kulazimishwa tendo la ndoa na mume au mwenzi wao. Ni karibu mara mbili ya namba ya kwanza.

Tusielewe vibaya. Vita imeharibu maisha ya watu wetu, na hakuna mtu anayeweza kupunguza uzito wa uovu huo. Lakini namba ya pili inatuonya kwamba tukiwaombea wamama juu ya hatari ya msituni tu, tunawarudisha nyumbani bila maombi.

Ulinganisho wa nchi kumi

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kulinganisha nchi na nchi katika jambo hili. Kila nchi ilikuwa na maswali yake. Moja iliuliza juu ya vipigo, nyingine juu ya kesi zilizofika polisi, nyingine haikuuliza kitu. Ukipima unga kwa kikombe na mwenzako akipima kwa ndoo, hamwezi kubishana nani ana unga mwingi.

Kwa hiyo mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilianza kuandaa uchunguzi mmoja wenye maswali yaleyale kwa nchi mbalimbali, chini ya uongozi wa Claudia García-Moreno. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 2005. Wanawake zaidi ya 24,000 waliulizwa katika nchi kumi: Bangladesh, Brazili, Ethiopia, Japani, Namibia, Peru, Samoa, Serbia na Montenegro, Thailand na Tanzania.

Matokeo yalitofautiana sana. Katika mji mmoja wa Japani, wanawake 15 kwa mia waliowahi kuwa na mume au mwenzi walisema wamewahi kupigwa naye au kulazimishwa kitandani. Katika sehemu ya mashambani ya Ethiopia walikuwa 71 kwa mia. Kwa jirani zetu wa Tanzania, jijini Dar es Salaam walikuwa 41 kwa mia, na mkoani Mbeya 56 kwa mia. Katika sehemu nyingi zilizochunguzwa namba ilikuwa kati ya 29 na 62 kwa mia.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, hakuna nchi iliyokuwa safi. Yule anayesema kwamba ubaya huu ni wa Waafrika tu, amejibiwa na Peru na Bangladesh. Na yule anayesema ni mambo ya wazungu yaliyoletwa kuvunja ndoa zetu, amejibiwa na Mbeya. La pili, tofauti ni kubwa hata ndani ya nchi moja. Kama kupigwa kungekuwa sehemu ya ndoa kama usiku ulivyo sehemu ya siku, namba zingefanana kila mahali. Hazifanani. Kinachopungua mahali pamoja kinaweza kupungua na pengine. Hiyo ni habari njema iliyofichwa ndani ya hesabu.

Makadirio ya OMS yaliyotolewa mwaka 2021, yakitumia takwimu za nchi nyingi hadi mwaka 2018, yalionyesha kwamba kwa dunia nzima wanawake 27 kwa mia wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenzi wamepigwa au kulazimishwa naye. Kwa Afrika kusini ya Sahara ni 33 kwa mia: mmoja kwa kila watatu. Hesabu mwenyewe wamama wa kwaya yako.

Namna walivyouliza

Hapa ndipo tunaomba wasomaji wetu, hasa viongozi, wasome polepole.

Wachunguzi hawakumwuliza mama, "Je, mume wako anakutesa?" Walijua wengi watajibu hapana, kwa sababu neno "kutesa" kila mtu analipima kwa kipimo chake. Mama aliyezoea makofi anaweza kusema hateswi, kwa kuwa jirani yake alivunjwa mkono. Badala yake waliuliza tendo moja moja. Je, amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke au kukuburuta? Kukukaba koo au kukuchoma kwa makusudi? Kukutisha kwa kisu au silaha nyingine? Je, umewahi kukubali tendo la ndoa kwa sababu uliogopa atakachofanya ukikataa? Kisha waliuliza kama ilitokea katika miezi 12 iliyopita, na kama ni mara moja, mara chache au mara nyingi.

Waliuliza pia juu ya matusi, kudharauliwa mbele ya watu, kuzuiliwa kuona ndugu zake, na kulazimika kuomba ruhusa hata ya kwenda kutibiwa. Mateso mengi huanza huko kabla mkono haujainuliwa.

Halafu walikuwa na masharti makali ya usalama, ambayo OMS iliyaandika mwaka 2001. Katika kila nyumba aliulizwa mwanamke mmoja tu, ili mwingine asijue maswali yalikuwa juu ya nini. Kwa watu wa inje uchunguzi uliitwa wa afya ya wanawake na maisha yao, kwa sababu jina la ukatili lingemletea mama hatari. Mazungumzo yalifanywa mahali pa siri, mtoto mwenye zaidi ya miaka miwili asiwepo, kwa kuwa mtoto hurudia aliyoyasikia. Mume akiingia ghafula, mwulizaji aligeuza maneno na kuanza kuuliza mambo mengine ya afya. Waulizaji walikuwa wanawake waliofundishwa kwa majuma kadhaa, na walikuwa na orodha ya mahali pa kumwelekeza mama anayehitaji msaada. Na kama hapakupatikana faragha, swali halikuulizwa. Usalama wa mama ulitangulia namba.

Wale walioulizwa hivyo walisema. Kati ya wanawake waliopigwa, kulingana na mahali, kuanzia mmoja kwa watano hadi wawili kwa watatu walikuwa hawajamwambia mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Hawakumwambia mama mzazi, wala jirani, wala mchungaji. Mtu wa kwanza kusikia alikuwa mgeni mwenye daftari. Wazee wetu wanasema mficha maradhi kilio humfichua, na ni kweli. Lakini tumwonee huruma mgonjwa ambaye hakuna aliyemwuliza anaumwa wapi.

Hali ya nchi yetu na mji wetu

EDS ya mwaka 2013 na 2014 iliuliza kwa njia inayofanana na hiyo. Kati ya wanawake wa Kongo waliokuwa wameolewa au waliowahi kuolewa, 57 kwa mia walisema mume au mwenzi amewahi kuwafanyia ukatili wa maneno, wa mwili au wa kitandani. Tena kuna namba moja iliyotushtua zaidi ya hiyo: wanawake watatu kwa kila wanne walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke wake kwa angalau sababu moja kati ya zile walizotajiwa, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Binti zetu wamelifundishwa jambo hili na shangazi, na majirani, na wakati mwingine na mahubiri ya harusi.

Hapa Goma na kandokando yake, mwaka 2012, shirika la Promundo na lile la Sonke Gender Justice walifanya uchunguzi wa wanaume na wanawake zaidi ya 1,400 pamoja na wenzao wa hapa mjini. Wanaume waliulizwa juu ya maisha yao wenyewe. Wengi walieleza aibu ya kushindwa kulisha familia baada ya vita kuwanyang'anya shamba, ng'ombe au kazi. Mwanaume aliyefundishwa kwamba heshima yake ni kuleta chakula na kutoa amri, akikosa chakula anabaki na amri peke yake.

Tunalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, watu saba katika chumba kimoja, baba anarudi jioni bila franga, na mama ndiye aliyeuza ndizi akapata. Hali hiyo ni ngumu na inastahili huruma. Ila haimpi mtu ruhusa. Wanaume wengi wenye njaa ileile na aibu ileile hawainui mkono, na wao ni ushahidi dhidi ya udhuru huo.

Wako wanaouliza: je, wanaume hawapigwi? Wapo wanaopigwa, na mchungaji anayewacheka ametenda dhambi. Lakini majeraha mazito, hofu ya kudumu na vifo huwaangukia zaidi wanawake. Mwaka 2013 OMS na wenzake walionyesha kwamba kwa dunia nzima, kati ya wanawake waliouawa, 38 kwa mia waliuawa na mume au mwenzi.

Je, mambo yanaweza kubadilika?

Uchunguzi haukuishia kuhesabu vidonda. Umepima pia dawa.

Jijini Kampala, shirika la Raising Voices na CEDOVIP walitumia njia inayoitwa SASA!, neno letu la Kiswahili. Watu wa mtaa wenyewe walifundishwa kuzungumza na majirani juu ya matumizi ya nguvu na mamlaka ndani ya nyumba. Kati ya mwaka 2007 na 2012 mitaa iliyopata mafundisho ililinganishwa na mitaa iliyokuwa bado inangoja. Kupigwa na mwenzi katika mwaka uliopita kulikuwa chini kwa 52 kwa mia katika mitaa iliyofundishwa.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mafundisho ya Bandebereho yaliwakusanya wababa vijana na wake zao kuongea juu ya malezi ya watoto, pesa na maamuzi ya nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wake wa wanaume waliofundishwa walipigwa kidogo kuliko wake wa wasiofundishwa.

Katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, mafundisho mengine yaliwakusanya wanaume kwa majuma 16. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, nayo yanafaa kuhubiriwa. Wanaume waliofundishwa walibadilisha maneno na mawazo yao kuliko wasiofundishwa. Lakini wake zao walipoulizwa peke yao, vipigo havikuwa vimepungua kwa kiasi kinachothibitika. Ndugu wapendwa, ni mara ngapi kanisani tumempigia makofi baba anayeshuhudia kwamba Bwana amembadilisha? Tumshukuru Mungu kwa ushuhuda wake. Kisha mama mwenye hekima aende kimya kimya amwulize bibi yake.

Na kuna Rethy, mkoani Ituri. Hapo shirika la Tearfund na HEAL Africa ya hapa Goma walifanya kazi na viongozi wa dini katika vijiji 15, kuanzia mwaka 2015 hadi 2018. Viongozi walisoma upya Maandiko juu ya mume na mke. Kisha watu waliochaguliwa waliongoza mazungumzo ya majuma sita katika vikundi vidogo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, halafu wote pamoja. Mwanzoni wanawake 69 kwa mia walisema walipigwa au kulazimishwa na mwenzi katika mwaka uliopita. Mwishoni walikuwa 29 kwa mia. Wanaume waliokiri kufanya hivyo walishuka kutoka 68 hadi 24 kwa mia. Tuseme kweli yote: hapakuwa na vijiji vingine vya kulinganisha, na watu waliozoea mafundisho wanaweza kujibu yale wanayojua yanatakiwa. Hata hivyo wanawake na wanaume, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha njia ileile. Na walioanzisha mazungumzo hayo walikuwa watu kama sisi, wenye Biblia mkononi.

Kazi ya parokia zetu

Katika makanisa mengi desturi ya kutatua shauri la ndoa ni hii: bwana na bibi wanaitwa, wanakalishwa kwenye viti viwili mbele ya wazee, na bibi anaulizwa, "Mama, shida ni nini?" Sasa tumeona kwamba kila sharti la usalama limevunjwa hapo. Anaulizwa mbele ya yule anayemwogopa, mbele ya wanaume wengi, kwa swali pana, na jioni atarudi kwenye nyumba ileile kulipia jibu lake. Kwa hiyo anasema, "Tumeshasameheana." Wazee wanaomba, wanaandika kwamba amani imepatikana, na hatari imeongezeka.

Tunapendekeza mambo haya kwa kila parokia.

Kwanza, mama aulizwe peke yake, na mama mwenzake anayejua kutunza siri, mahali ambapo watu wamezoea kumwona. Asiitwe kwa barua wala kutangazwa.

Pili, aulizwe matendo, kwa upole, na aaminiwe. Tusimwulize alifanya nini hata akapigwa. Kama hataki kusema, tusimlazimishe; ajue tu mlango uko wazi.

Tatu, aliyoyasema yasifikishwe kwa mume "ili ajitetee" bila mama kukubali na bila kujua atalala wapi usiku huo. Kama amekabwa koo au ametishwa kwa silaha, jambo hilo lipewe uzito wa hatari ya kifo. Usalama wake na wa watoto utafutwe kwanza, mapatano yasubiri.

Nne, aliyelazimishwa kitandani apelekwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kukinga virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya muda huo. Sharti hili halibadiliki kwa sababu aliyemlazimisha ni mume. Kila parokia iwe na orodha ya vituo vya karibu, na kiongozi wa wamama aijue kwa kichwa.

Tano, mahubiri yetu. Sheria ya Familia, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, iliondoa ruhusa ya mume ambayo mke aliihitaji kwa matendo ya kisheria, ingawa bado inamtaja mume kuwa kichwa cha nyumba. Nasi tunahubiri Waefeso 5 kila harusi. Tuhubiri basi sura nzima: Paulo anampa mume mfano wa Kristo aliyejitoa mwenyewe afe, na hakuna mahali anapompa fimbo. Petro katika barua yake ya kwanza, 3:7, anaonya kwamba mume asiyemheshimu mke wake anazuia maombi yake mwenyewe. Na katika 2 Samweli 13, Tamari alipoumizwa na ndugu yake, Absalomu alimwambia anyamaze, na Mfalme Daudi alikasirika bila kufanya kitu. Nyumba nzima ilianguka kwa sababu ya ukimya huo na hasira hiyo isiyo na kazi.

Mchungaji wa Luka 15 alijua kondoo mmoja amepotea kwa sababu alikuwa na desturi ya kuhesabu. Tunajua hesabu ya waliobatizwa, ya sadaka na ya mabati yanayohitajika kwa kanisa jipya. Katika mkutano ujao wa wazee, tunaomba swali moja liongezwe kwenye ajenda: katika parokia hii, mama anayepigwa nyumbani anaweza kumwambia nani leo, na akisha kusema, atalala wapi? Parokia ikikosa jibu, ianze kazi hapo.

Bwana azilinde nyumba zetu, na atupe masikio.